Mcheza Kwao Hutunzwa: Hoja Dhidi ya Mlango Mmoja wa Snuka ya Kulipwa

Katika mjadala kuhusu mustakabali wa snuka, mchezo uliobuniwa na maofisa wa jeshi la Uingereza huko Jabalpur, India, mwaka 1875, imeota mizizi rai moja ambayo masikioni inasikika kuwa haki tupu. Wanaoishikilia husema kwamba mchezaji wa ridhaa, yaani yule asiye na kibali cha kushiriki mashindano ya kulipwa, apate kibali hicho kwa njia moja tu, ambayo ni kuingia katika mashindano ya mchujo yaliyo wazi kwa kila mtu, alipe ada, apange foleni pamoja na wenzake, na ashinde mechi zake zote hadi mwisho. Nafasi nyingine zote, zikiwemo zile wanazopewa mabingwa wa mabara, mabingwa wa dunia wa ridhaa, vijana na wanawake, huhesabiwa na watu hao kuwa sadaka inayowanyima Waingereza wenye uwezo haki yao na kuwapa wageni wanaokwenda kufungwa. Makala haya yanashikilia kwamba rai hiyo ni potofu katika msingi wake, kwa sababu inapima uwazi wa mlango bila kupima umbali wa njia inayouelekea, na kwamba historia ya snuka yenyewe, ikisomwa kwa makini, inatoa ushahidi dhidi yake.

Kabla ya kuingia katika hoja, yafaa mfumo wenyewe ueleweke. Mzunguko wa kulipwa unaoendeshwa na kampuni ya World Snooker Tour huwa na wachezaji wapatao 128, na kila anayeingia hupewa kibali cha misimu miwili. Msimu unapomalizika baada ya Ubingwa wa Dunia, wachezaji 64 wa juu katika orodha ya viwango, orodha inayopangwa kwa kujumlisha fedha za zawadi ambazo kila mmoja amezipata katika miaka miwili iliyopita, hubaki na nafasi zao, huku wale walio chini yao ambao muda wao umekwisha wakitolewa, isipokuwa wachache wanaookolewa na matokeo mazuri ya msimu mmoja. Nafasi zinazoachwa wazi hujazwa na wachezaji wa ridhaa kupitia njia kadhaa. Iliyo maarufu zaidi ni Q School, mchujo wa mtoano ulioanzishwa Sheffield mwaka 2011 na ambao tangu mwaka 2022 umekuwa na tawi la Asia na Oceania huko Bangkok. Nyingine ni Q Tour, ambayo ni msururu wa mashindano ya ridhaa yanayochezwa kwa msimu mzima, kisha mashindano ya ubingwa ya kimataifa na ya mabara, Afrika ikiwa miongoni mwayo, halafu mzunguko wa ndani wa China, na tangu mwaka 2021 mzunguko wa wanawake.

Wapinzani wa njia hizi nyingine huanza kwa kuisifu Q School kuwa ndiyo mizani isiyopendelea, na sifa hiyo ndiyo ya kwanza kustahili kuchunguzwa. Mechi ya Q School huchezwa kwa fremu saba, fremu ikiwa ni mzunguko mmoja wa mchezo tangu mipira inapopangwa hadi mezani pasibaki alama za kutosha kumwokoa anayeshindwa, na anayetangulia kupata fremu nne ndiye mshindi. Katika Ubingwa wa Dunia unaochezwa katika ukumbi wa Crucible, Sheffield, mchezaji huhitaji fremu 10 ili avuke raundi ya kwanza na 18 ili ashinde fainali, na urefu huo una sababu yake, kwa kuwa kadiri mechi inavyokuwa fupi ndivyo bahati inavyopata nafasi ya kuamua kile ambacho ustadi ulipaswa kukiamua. Mpira mmoja unaogonga ukingo wa mfuko na kurudi mezani unaweza kugharimu fremu nzima, na fremu moja kati ya saba ni sehemu kubwa ya mechi. Mchezaji wa Q School hutakiwa kushinda mechi za namna hiyo mfululizo, na akiteleza mara moja huwa ametoka, akisubiri shindano jingine katika siku hizo hizo au mwaka unaofuata. Utaratibu kama huu hupima uwezo, lakini pamoja na uwezo hupima pia hali ya mtu katika wiki moja ya mwaka, na hakuna sababu ya kuuita mizani safi kuliko ubingwa wa bara au wa dunia, ambao nao hushindaniwa kwa mechi zilezile za mtoano.

Tofauti iliyopo kati ya njia hizi mbili basi haiko katika ugumu wa kipimo bali katika mahali kinapowekwa. Kwa kijana wa Kettering au Leicester, mchujo wa Q School nchini Uingereza ni safari ya gari, na akifungwa jioni hulala kwao. Kwa kijana wa Cairo, Karachi au Nairobi, safari hiyo huanza kwa viza ambayo anaweza kunyimwa au kuipata baada ya mashindano kupita, hufuata nauli ya ndege, malazi na chakula kwa siku asizoweza kuzikadiria, kwa kuwa hajui atatolewa raundi ya ngapi, na huishia kwenye ada ya kujiandikisha inayotozwa kwa pauni, fedha ambayo thamani yake humlemea mtu anayelipwa kwa shilingi au rupia. Hali hiyo ndiyo inayowafanya wengi wasiuone hata ukingo wa meza ya mchujo, kisha kutokuwepo kwao hufasiriwa kuwa ni ushahidi wa kutokuwa na uwezo. Bangkok imepunguza umbali huo kwa Waasia, nalo ni jambo la kupongezwa, lakini Mwafrika na mchezaji wa Amerika ya Kusini bado huvuka bahari aende upande wowote.

Zaidi ya nauli, kuna suala la meza. Meza kamili ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, kitambaa chake cha sufu hudai matunzo ya kila siku, na uzito wake hauruhusu iwekwe popote. Katika miji ya Afrika Mashariki, meza inayopatikana kila mtaa ni ile ndogo ya pool, ambayo ina mifuko mipana zaidi na mipira michache, ilhali meza kamili ya snuka hupatikana kwa nadra, mara nyingi katika vilabu vya wanachama ambavyo asili yake ni zama za ukoloni. Kijana anayelenga vizuri kwenye meza ya pool ana jicho na mkono unaohitajika, lakini hajapata saa elfu kadhaa za kujifunza namna mpira mweupe unavyotembea katika masafa ya futi 12. Mtu huyo hawezi kulingana katika wiki moja na mwenzake aliyekulia katika ukumbi wenye meza 10, na hakuna anayedai kwamba alingane. Kinachodaiwa ni kwamba aliyewashinda wote wa bara lake, chini ya masharti yanayofanana na yake, amekwisha kuthibitisha jambo ambalo mchujo wa Sheffield hauwezi kulithibitisha kwa niaba yake.

Hoja nzito zaidi, hata hivyo, hutoka katika historia. Tangu Ubingwa wa Dunia uhamie Crucible mwaka 1977 hadi mwaka 2025, wachezaji watano tu kutoka nje ya Ufalme wa Muungano wa Uingereza ndio waliotwaa taji hilo: Cliff Thorburn wa Canada mwaka 1980, Ken Doherty wa Jamhuri ya Ireland mwaka 1997, Neil Robertson wa Australia mwaka 2010, Luca Brecel wa Ubelgiji mwaka 2023 na Zhao Xintong wa China mwaka 2025. Ukimwacha Thorburn, ambaye ni wa enzi ambapo uchezaji wa kulipwa uliombwa kwa chama na kukubaliwa au kukataliwa, wanne waliobaki wana jambo moja linalowaunganisha, nalo ni kwamba kila mmoja alijipambanua kwanza katika mashindano ya kimataifa ya ridhaa, yaani katika milango ileile inayodharauliwa leo. Doherty alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1989. Robertson, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewahi kuingia katika mzunguko na kutoka, alirudi baada ya kushinda ubingwa wa dunia wa walio chini ya miaka 21 mwaka 2003. Brecel alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 15, na mwaka uliofuata akaingia katika mzunguko bila kupitia Q School. Zhao alifika fainali ya ubingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 2015, akafungwa na Pankaj Advani wa India, na mwaka 2016 akaanza kucheza kulipwa. Kama rai inayopingwa hapa ingekuwa sheria miaka hiyo yote, ni vigumu kuona jinsi orodha ya mabingwa wa dunia ingekuwa na majina haya.

Mfano wa Ding Junhui ni wa kusadikisha zaidi, ingawa yeye hajatwaa taji la dunia. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alishinda ubingwa wa Asia na ule wa dunia wa walio chini ya miaka 21, na mwaka 2003 akapewa nafasi katika mzunguko wa kulipwa. Miaka miwili baadaye alimfunga Stephen Hendry, bingwa wa dunia mara saba, katika fainali ya China Open mjini Beijing, na kabla mwaka huo haujaisha akashinda UK Championship akiwa na umri wa miaka 18. Mafanikio hayo yaliifanya China kuwa soko kuu la pili la snuka, yakaleta mashindano yenye zawadi nono ambazo Waingereza wenyewe wamezifaidi kwa miaka 20, na yakawasha hamu ya kizazi kilichomzaa Zhao. Nafasi moja iliyotolewa kwa kijana huyo wa Yixing ilirudisha faida ambayo hakuna mchujo uliowahi kuirudisha, na wanaoita nafasi za namna hiyo kuwa sadaka wanapaswa kueleza ni nani hasa aliyepokea sadaka katika biashara hiyo.

Watetezi wa mlango mmoja wana jibu la kihistoria ambalo halistahili kupuuzwa. Wao hukumbusha kwamba mwaka 1991 uchezaji wa kulipwa ulifunguliwa kwa yeyote aliyeweza kulipa ada, mamia ya wachezaji wakamiminika Blackpool kucheza raundi baada ya raundi za awali, na katika kundi lililoingia mwaka 1992 wakapatikana Ronnie O'Sullivan, John Higgins na Mark Williams, watatu ambao pengine snuka haijapata kizazi kilicho bora kuwazidi. O'Sullivan alishinda mechi 74 kati ya 76 za kwanza, na mwaka 1993, siku chache kabla ya kutimiza miaka 18, akatwaa UK Championship. Ushahidi huo ni wa kweli, lakini unathibitisha kinyume cha kile unacholetewa. O'Sullivan alitoka Essex nchini England, Higgins alitoka Wishaw nchini Scotland, Williams alitoka Cwm nchini Wales, na wote watatu walikuwa vijana wa kisiwa kimoja ambao wangeweza kufika Blackpool bila kuonyesha pasipoti kwa mtu yeyote. Mlango uliofunguliwa bila masharti ulileta vipaji vya ajabu kutoka mitaa iliyouzunguka. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na methali hiyo, ambayo kwa kawaida humsifu anayethaminiwa na watu wake, hapa inaonya pia kwamba mtu huweza kutunzwa kwa sababu tu uwanja ulikuwa kwao.

Inabaki hoja inayotumiwa mara nyingi kuliko zote, yaani kwamba wanaoingia kwa njia za mabara na za wanawake hufungwa. Ni kweli kwamba Wamisri kama Hatem Yassen na Basem Eltahhan, waliopata vibali kupitia ubingwa wa Afrika, hawakudumu katika mzunguko, na ni kweli kwamba hata Reanne Evans, bingwa wa dunia wa wanawake mara 12, hakupata ushindi mwingi dhidi ya wanaume. Lakini kufungwa si ugonjwa wa walioingia kwa njia hizi peke yao. Kyren Wilson, bingwa wa dunia wa mwaka 2024, aliingia katika mzunguko mwaka 2010, akatolewa baada ya msimu mmoja, na akarudi kupitia Q School mwaka 2013. Hakuna aliyesema mwaka 2011 kwamba kufungwa kwa kijana huyo wa Kettering kulithibitisha kuwa Northamptonshire haistahili nafasi. Alirudi kwa sababu alikuwa na ukumbi wa mazoezi karibu, washindani wa kiwango chake karibu, na mchujo karibu. Mwafrika anayetolewa baada ya misimu miwili hurudi katika nchi ambayo hana mtu wa kumpa mechi ngumu, na njia ya pili humfungia kabla hajaitafuta.

Yafaa pia kutazama kile ambacho misimu miwili ya kibali humdai mgeni. Mchezaji mpya huanza na sifuri katika orodha ya viwango, akikimbizana na watu ambao fedha zao za miaka miwili zimekwisha kuhesabiwa, na katika sehemu kubwa ya mashindano aliyefungwa mechi ya kwanza huondoka mikono mitupu. Tangu msimu wa 2022/23 waendeshaji wa mzunguko wameweka dhamana ya pauni 20,000 kwa msimu kwa kila mchezaji, ambayo hukatwa katika zawadi atakazoshinda, nayo imeokoa wengi, lakini kwa mtu anayelazimika kupanga nyumba Uingereza, kulipia meza ya mazoezi na kusafiri hadi China na Ulaya bara, fedha hizo humalizika mapema. Hata bingwa mwenye mataji zaidi ya 20 ya dunia ya biliadi na snuka kama Pankaj Advani, aliyeingia katika mzunguko mwaka 2012, aliuacha baada ya misimu miwili akarudi India, ambako ameendelea kushinda ubingwa wa dunia wa ridhaa. Anayesema kwamba Advani hakuwa na uwezo amefumba macho makusudi, kwani kilichoonekana kwake ni gharama ya kuishi mbali na kwao kwa sababu ya kazi ambayo makao yake yamewekwa mahali pamoja.

Kutoaminika kwa mpaka huu wa ridhaa na kulipwa kulionekana wazi mwaka 2021, pale Shaun Murphy, bingwa wa dunia wa mwaka 2005, alipofungwa fremu 6 kwa 5 na Si Jiahui wa China katika UK Championship, kisha akasema hadharani kwamba wachezaji wa ridhaa hawapaswi kuruhusiwa katika mashindano ya kulipwa, kwa kuwa wao hucheza bila mzigo wa kutafuta riziki. Si Jiahui alikuwa amepoteza kibali chake na aliitwa kujaza nafasi iliyokuwa wazi. Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 20, kijana huyohuyo alifika nusu fainali ya Ubingwa wa Dunia na kumtangulia Brecel kwa fremu 14 dhidi ya 5 kabla ya kuzidiwa 17 kwa 15. Miaka miwili baadaye Zhao Xintong, aliyekuwa akirejea baada ya adhabu ya miezi 20 kwa makosa yanayohusiana na kamari, alicheza Ubingwa wa Dunia akiwa mchezaji wa ridhaa, akashinda mechi nne za mchujo, akamfunga O'Sullivan 17 kwa 7 katika nusu fainali na Williams 18 kwa 12 katika fainali. Wapo wanaomtumia Zhao kudai kwamba mwenye uwezo hupita popote, lakini wanasahau kwamba mtu huyo alikuwa amekwisha kushinda UK Championship mwaka 2021 na kuishi miaka mingi karibu na meza za Sheffield. Kibali alikuwa amekipoteza, ila ukaribu hakuupoteza, na ukaribu ndio uliomrudisha.

Kutokana na haya yote hakuna anayepaswa kuhitimisha kwamba Q School ifutwe. Kwa anayeweza kuifikia, ni njia halali, na Wilson ni shahidi wake mwema. Kinachofuata ni kwamba isifanywe kuwa njia pekee, na kwamba njia nyingine ziimarishwe badala ya kuonewa haya. Ubingwa wa bara uendelee kutoa kibali kamili, na kibali hicho kiandamane na mahali pa kufanyia mazoezi pamoja na msaada wa viza, kwa sababu kumpa mtu kibali bila njia ya kukitumia ni kumwandalia aibu itakayotumiwa kuwahukumu watakaomfuata. Tawi la mchujo lililofika Bangkok lifike pia Cairo au Casablanca, ambako wachezaji wapo, na mashindano ya ridhaa ya msimu mzima, ambayo hupima uthabiti kuliko wiki moja ya bahati, yafikishwe Afrika. Nafasi za wanawake zilizoanza mwaka 2021 na kuwaingiza Evans, Ng On Yee wa Hong Kong, Mink Nutcharut wa Thailand na baadaye Bai Yulu wa China zisihukumiwe kwa misimu michache, kwa kuwa wanawake hao wanafungua njia ambayo vilabu vingi vya snuka viliwazuia mama zao kuikaribia.

Afrika yenyewe ina sababu ya kudai hili bila kunyenyekea. Perrie Mans wa Afrika Kusini alicheza fainali ya Ubingwa wa Dunia mwaka 1978 na kutwaa taji la Masters mwaka 1979, na Silvino Francisco wa nchi hiyohiyo alishinda British Open mwaka 1985. Ubingwa wa dunia wa ridhaa wa mwaka 1997 ulichezwa Bulawayo, Zimbabwe, na aliyeushinda, Marco Fu wa Hong Kong, aliingia katika mzunguko na kufika fainali ya Grand Prix katika msimu wake wa kwanza. Bara lililowahi kutoa mshindi wa Masters na kuwa mwenyeji wa mashindano yaliyomtambulisha Fu haliombi kupendelewa linapodai nafasi moja kati ya 128. Taji linalochezewa Crucible linaitwa la dunia, na jina hilo lina deni. Mcheza kwao hutunzwa, na mchezo unaojiita wa dunia hautakuwa umelilipa deni hilo mpaka kila mwenye kipaji awe na uwanja wa kupimiwa ambao anaweza kuuita kwao.